"Mbona Unanifokea?": Sauti, Hisia na Mtu Mwenye Usonji

Mama mmoja ametuandikia kuhusu mwanawe wa miaka tisa mwenye usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea sauti, hisia na mawasiliano kwa namna tofauti na wengi. Akimwita kutoka jikoni aje kula, mtoto anaziba masikio na kuuliza, "Mbona unanifokea?" Lakini juzi alipokuwa akimwaga maji sebuleni, baba yake alimwambia kwa sauti ya chini yenye makali, "Haya, endelea tu." Mtoto akaendelea. Akachapwa. Mama anauliza: huyu mtoto anasikia au hasikii?

Anasikia, na pengine anasikia kuliko wote waliomo nyumbani humo. Kinachomshinda ni kuigeuza sauti kuwa hisia papo kwa papo bila kuambiwa. Wengi wetu kazi hiyo tunaifanya bila kujua kuwa tunaifanya, ndiyo maana asiyeifanya tunamwita mkaidi.

Anayeongea anatoa habari mbili kwa mpigo: maneno, na namna yanavyosemwa. Hiyo namna ina sehemu ambazo hata mashine hupima. Kuna kidatu, yaani sauti kuwa juu au chini: mwanamume mzima huongea kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 120 hivi, mwanamke karibu 200, mtoto mdogo 250 hadi 300. Kuna ukubwa wa sauti, unaopimwa kwa desibeli. Kuna kasi na vituo. Halafu kuna umbile lenyewe: laini, ya kukwaruza, yenye pumzi nyingi, au iliyobanwa kooni.

Sasa angalia hasira inavyoundwa. Kidatu kinapanda, ukubwa unaongezeka, kasi inaongezeka, koo linabana. Furaha kubwa je? Kidatu kinapanda, ukubwa unaongezeka, kasi inaongezeka. Na kumwita mtu aliye chumba cha pili? Kidatu na ukubwa vinapanda pia. Tofauti ya hizo tatu imejificha kwenye koo na kwenye mazingira ya tukio. Anayeshika ukubwa wa sauti peke yake ataziona zote ni ugomvi. Kwa upande wa pili, huzuni, uchovu na ile hasira baridi ya baba zote ni sauti ya chini isiyo na haraka. Mtoto aliyejiwekea kanuni kwamba hasira ni kelele hana sababu ya kuacha kumwaga maji, kwa sababu kelele hakusikia. Na usisahau kwamba maneno yenyewe yalimwambia aendelee.

Utafiti wa Anna Järvinen-Pasley na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 unasaidia hapa. Walipowapa watoto sentensi, watoto wenye usonji walitambua mchoro wa kupanda na kushuka kwa kidatu vizuri kuliko wenzao, ilhali wenzao walivutwa zaidi na maana. Yaani sikio ni zima, tena kali. Na mwaka 2013 kundi la Daniel Abrams wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba kwa watoto wenye usonji, sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti ya binadamu ina mawasiliano hafifu na sehemu zinazohusika na raha na motisha. Sauti inafika, ila haimvuti kama inavyowavuta wengine. Tahadhari moja: mkikuta mahali pameandikwa kwamba ubongo wa mtu mwenye usonji "hautambui sauti ya binadamu," chanzo chake ni utafiti wa mwaka 2004 uliofanywa kwa watu wazima watano wenye usonji. Watano tu! Tafiti za baadaye hazikupata picha hiyo hiyo, lakini maneno bado yanazunguka.

Kabla ya lolote, pima masikio

Hata kama una uhakika kwamba anasikia kwa sababu anakimbia akisikia karatasi ya biskuti. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio ni jambo la kawaida kwa watoto, huja na kuondoka, na hufanya usemi usikike kama umezibwa huku kelele kali zikiendelea kuumiza. Omba vipimo viwili: cha ngoma ya sikio, ambacho huchukua dakika chache na hakihitaji mtoto ajibu kitu, na cha usikivu wenyewe. Akikataa kuvaa vile vya masikioni (wengi hukataa kwa sababu ya mguso, wala si utundu), mwombe mpimaji atumie spika chumbani, au kipimo cha mawimbi ya ubongo ambacho hufanyika mtoto akiwa amelala. Mpeleke kliniki siku moja kabla akaone chumba na kushika vifaa. Ukikosa nafasi hiyo, mwonyeshe picha.

Majibu yakitoka safi, usidhani kesi imefungwa. Kipimo cha kawaida hufanyika kwenye ukimya, na maisha hayana ukimya. José Alcántara na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba watu wenye usonji walihitaji usemi uzidi kelele kwa desibeli 2 hadi 3.5 zaidi ya wengine ndipo waelewe sawasawa. Inaonekana kidogo. Kwenye darasa la watoto sitini lenye paa la mabati, hicho kidogo ndicho kinachotenganisha anayefuata somo na anayekaa tu.

Punguza kelele, kisha sogea

Mazungumzo ya kawaida yako kwenye desibeli 60 hivi kwa umbali wa mita moja. Kila umbali unapoongezeka maradufu, mahali pa wazi, unapoteza karibu desibeli 6. Kutoka mita moja hadi mita nne umepoteza 12. Ili kuzirudisha huna budi kupaza sauti, na sauti iliyopazwa, kama tulivyoona, ina sura ile ile ya hasira. Kwa hiyo dawa ya "mbona unanifokea" ni miguu. Tembea hadi alipo, simama mita moja, pembeni kidogo badala ya mbele ya uso wake, ndipo uongee. Mama mwenye chungu motoni atasema hana muda huo. Sawa, basi tumia ishara isiyo sauti ya mtu: kengele ndogo, kugonga meza mara mbili, taa kuwashwa na kuzimwa. Kengele haina hisia ndani yake, kwa hiyo haimsumbui kuifasiri.

Zima redio na televisheni kwanza. Usipunguze, zima. Sauti ya pili ya binadamu chumbani, hata ikiwa ndogo, humsumbua zaidi kuliko feni. Programu ya kupima desibeli kwenye simu haina usahihi wa maabara, lakini inatosha kulinganisha sebule ikiwa na televisheni na bila televisheni. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi unaofunika konsonanti. Mkeka, pazia zito na godoro lililoegemezwa ukutani hufanya kazi ambayo watu hulipia pesa nyingi.

Vikinga masikio vya kuvaa kichwani husaidia sokoni, kwenye harusi na stendi ya mabasi. Vingi vimeandikwa kuwa vinapunguza desibeli 20 hadi 30, lakini utapata pungufu ya hapo visipobana vizuri, hasa vikivaliwa juu ya hijabu, kofia au mikono ya miwani. Usimvalishe kutwa nzima. Masikio yanayokaa muda mrefu kwenye ukimya huzidi kuwa mepesi, na baada ya wiki kadhaa kelele ambayo zamani aliivumilia inamshinda. Barabarani avue, au umshike mkono, kwa sababu bodaboda hatakuwa ameisikia.

Sentensi yenyewe

Taja jina lake, nyamaza sekunde mbili, kisha sema jambo moja kwa maneno manne hadi manane: "Juma. Vaa viatu vyeusi sasa." Halafu subiri. Hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kusema tena. Hapa ndipo wengi wanapokosea: sekunde ya tatu wanabadilisha maneno ("Si nimekwambia viatu? Tutachelewa, hebu fanya haraka!"), na mtoto aliyekuwa katikati ya kuichambua sentensi ya kwanza anaiacha na kuanza upya na nyingine, tena ndefu, tena yenye sauti iliyopanda. Ukirudia, rudia maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Punguza kasi pia, bila kukata silabi kama unayemsomesha chekechea. Carole Tardif na Bruno Gepner wa Ufaransa walionyesha mwaka 2007 kwamba sauti na sura zikipunguzwa kasi kidogo, watoto wenye usonji wanazitambua hisia na kuziiga vizuri zaidi. Vituo virefu kati ya sentensi vinatosha.

Kiswahili nacho kina mitego yake. "Baba amekuja" na "Baba amekuja?" ni maneno yale yale, kiimbo pekee, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndicho kinachotenganisha taarifa na swali. Mtu mwenye usonji anaweza kukuacha bila jibu kwa sababu hakujua ameulizwa. Lugha imekupa "je", itumie: "Je, baba amekuja?" Au mpe machaguo: "Baba amekuja au hajaja?" Amri uliyoivika nguo ya swali, "Unaweza kufunga mlango?", itajibiwa "ndiyo" na mlango utabaki wazi. Hajakudhihaki. Miguno ya "mm" na "mm-mm", ambayo tofauti yake ya ndiyo na hapana ni kidatu na kituo kidogo tu, iache kabisa. Na "haya" ndiyo ngumu kuliko zote: inakubali, inaanzisha, inakata tamaa, inatisha, inaaga. Mwenye usonji akiisikia anabaki na silabi mbili.

Kuhusu kejeli, kijembe na mafumbo, hatusemi muache kuongea Kiswahili. Uswahilini mtu asiyejua kurusha kijembe huonekana hajakua. Ila unapomwongelesha yeye, sema unachokitaka: "Acha kumwaga maji. Weka kikombe mezani." Ukitania, maliza kwa "natania." Watu huona inaharibu utani, na kweli inaharibu kidogo. Utani ulioharibika una nafuu kuliko mtoto anayelia usiku kwa sababu mjomba alisema atamuuza mnadani.

Hisia nazo zitamke. "Nimekasirika kwa sababu kikombe kimevunjika. Sijakukasirikia wewe." "Sauti yangu ni ya uchovu, sina hasira." Hili lina msingi. Kundi la Ting Wang wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, liliwapa watoto vipande vyenye kejeli wakiwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipoambiwa waziwazi wazingatie sura na sauti ya anayeongea, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kuelewa nia za wengine ilifanya kazi zaidi kwa watoto wenye usonji. Uwezo upo, unangoja kuelekezwa.

Na hii ya "niangalie nikiongea na wewe" mwiache. Ryan Stevenson na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba ubongo wa watoto wengi wenye usonji hauunganishi vizuri muda wa sauti na muda wa picha, hasa kwenye usemi. Kumtazama msemaji kunakuwa kama kuangalia filamu iliyotafsiriwa vibaya, mdomo ukienda huku na maneno kule. Wengine hutazama chini ili wasikie vizuri. Ajabu ni kwamba kwenye familia nyingi za kwetu mtoto anayemkodolea macho mkubwa anaonekana hana adabu. Kwa nini mwenye usonji peke yake adaiwe macho?

Mazoezi ya kusoma sauti

Yanawezekana, kwa kiasi. Tumia simu. Chagua sentensi isiyo na hisia yoyote ndani yake, kama "Chakula kiko mezani." Irekodi kwa sauti nne: ya furaha, ya hasira, ya huzuni, ya kawaida. Waombe watu wanne au watano warekodi, wanaume na wanawake, vijana na wazee. Ukitumia sauti yako peke yako, mtoto atakariri rekodi zako na atakushangaza kwa kupata zote, kisha shuleni asijue kitu.

Anza na jozi iliyo mbali: furaha na huzuni. Rekodi kumi, dakika tano, basi. Akipata nane kati ya kumi kwa siku tatu mfululizo, ongeza hasira. Furaha na hasira zitamchanganya, na sasa unajua sababu: mfundishe kusikiliza ukwaruzo na mkazo wa koo, na aweke kidole kooni mwake mwenyewe aige zote mbili. Kisha rekodi hisia ndogo, kwa maana watu hawaongei kama waigizaji. Kukereka kidogo ni kugumu kuliko ghadhabu, na ndiko anakokutana nako kila siku. Mwisho mpe kisa: "Juma kavunja sahani. Mama anasema, 'Umefanya vizuri sana.'" Amefurahi? Tunajuaje? Jibu sahihi litatoka kwenye sahani, na kujua hivyo ni ujuzi halali. Usimkatalie eti hakutumia sauti.

Usitarajie makubwa. Ujuzi wa kwenye rekodi huhamia polepole sana kwenye maisha, na wengine hauhami. Ukiona baada ya miezi miwili hasongi, au analia simu ikitolewa, acha. Muda huo utumie kuwafundisha wanaomzunguka kuongea kwa uwazi.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na usonji. Karibu nusu ya watu wenye usonji wana aleksithimia, yaani ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Geoff Bird na Richard Cook walitoa hoja mwaka 2013 kwamba ugumu mwingi wa kusoma hisia za wengine unatokana na hilo kuliko usonji wenyewe. Kama mwanao hawezi kusema kama yeye mwenyewe ana hasira au njaa, mazoezi ya sauti za watu yatakwama. Anza na mwili wake: "Moyo unakwenda mbio? Tumbo limekaza? Mikono ya moto?" Jina la hisia lije baadaye, litajwe na wewe.

Sauti yake yeye

Hapa ndipo hasira yetu ilipo. Mtu mwenye usonji akiongea kwa sauti iliyonyooka, au yenye mawimbi yasiyotarajiwa, anahukumiwa kabla hajamaliza sentensi. Kijana anasema "Shikamoo" bila mteremko ule wa heshima, mzee anasema hana adabu. Dada anaenda kwenye usaili wa kazi, majibu yote sahihi, anaambiwa haonyeshi ari. Noah Sasson na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2017. Waamuzi waliosikia sauti au kuona video fupi za watu wenye usonji waliwapa alama mbaya ndani ya sekunde chache tu. Waliosoma maneno yale yale yakiwa yameandikwa hawakuonyesha ubaguzi huo. Maneno hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa masikioni mwa waamuzi.

Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Na mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake waliwapanga watu kwenye minyororo wapokezane hadithi: watu wenye usonji wakiwa peke yao walifikisha habari vizuri sawa na wasio na usonji wakiwa peke yao, habari zilipotea zaidi walipochanganywa. Basi mnaosema "hawa hawajui mawasiliano," angalieni nani mwingine alikuwa kwenye mazungumzo.

Msimfundishe mtu mzima kuigiza kiimbo ili awafurahishe. Akitaka mwenyewe kwa ajili ya usaili, sawa, mfundisheni sentensi tano. Waajiri, tumeni maswali kwa maandishi siku moja kabla. Simu ziacheni ikiwezekana: simu ya kawaida ya zamani hupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, sura haipo, na kuchelewa kwa sauti kunafanya watu waingiliane. Ujumbe wa maandishi unatosha kwa mambo mengi.

Mtoto anayerudia maneno na lahani yake yote, akisema "Funga mlango!" kwa sauti kamili ya baba mwenye hasira, huenda hana hasira wala hana habari na mlango. Barry Prizant alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba marudio kama hayo yana kazi: kuomba, kukataa, kujituliza. Andika kwenye daftari alilosema, kilichotokea kabla, na lini alilisikia mara ya kwanza. Baada ya wiki mbili utaona "Funga mlango!" inakuja kila mgeni anapoingia, na utajua anachotaka ni mgeni aondoke au yeye aondolewe.

Kwa mwalimu, hii hapa barua ya kunakili. Badilisha jina na mambo ya mwanao:

"Mwalimu, shikamoo. Juma ana usonji. Masikio yake yamepimwa, ni mazima. Naomba akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Tafadhali mtaje jina kabla ya kumpa maelekezo, mpe jambo moja moja, na msubiri sekunde kumi. Mvua ikipiga mabati hasikii somo, naomba aandikiwe ubaoni. Ukimkanya, mwambie kosa kwa maneno, kwa sababu ukali wa sauti peke yake haumwambii alichokosea. Anapojibu kwa sauti kavu hakudharau. Akiziba masikio, naomba aruhusiwe kutoka dakika tano chini ya mti, kisha atarudi mwenyewe."